Neno la Bi Thirza

Usiku wa theluji, nyumba ya wazee, Skipton.
Kengele ya Bi Thirza Sugden: "Njaa inaniua!"
Ndivyo nilivyosikia mie, binti wa juzi.
Nikampelekea mkate, siagi, supu ya viazi.
Akaisukuma sahani, meno yakigongana.

Mara ya tatu ndipo nilipomgusa nyayo:
barafu tupu.

Kumbe neno lile, kwa wachunga kondoo wa kwao,
halijashuka tumboni.
Limo mifupani bado, ni baridi.

Nikamfunika mablanketi mawili, supu nikainywa mwenyewe
nikifunua kamusi ya ofisini, kurasa zina madoa ya chai:
zamani zaidi, lilikuwa kufa tu. Kwa lolote.

Nikarudi mbio kumsikiliza pumzi.

Alfajiri akaomba mkate,
kwa neno jingine.