Kiberiti

Macho yangu hayana kosa.
Daktari Chepkwony alinihesabisha madirisha
ya jengo la ng'ambo ya hospitali: thelathini na sita.
Sawa, akasema. Kisha akaweka kitu mezani.

Nikamweleza: chuma chembamba, rangi ya shaba,
kichwa cha mviringo chenye tundu,
upande mmoja meno, mengine marefu, mengine yameliwa.
Kinaitwaje?
Nikakodoa. Nikainamisha shingo.
Pengine kichana cha mtoto.
Mwende akaangalia viatu vyake,
maana miaka ishirini na tisa, Barabara ya Kirinyaga,
babake alikula kwa kuvichonga vitu hivyo.

Daktari akakitia kiganjani mwangu.
Kidole gumba kikapita juu ya meno.
Ufunguo! Tena aliyeuchonga ana haraka,
jino la tatu amelikata kupita kiasi.

Anasema jicho ni tarishi mwaminifu:
barua inafika, bahasha haijachanika,
ila huko kisogoni kuna ofisi ndogo,
na karani wake alianguka siku ile ya kiharusi.
Barua zinarundikana mlangoni.
Vidole vina karani wao. Masikio pia.
Hao hawajaacha kazi.

Ndiyo maana, Syombua, jioni hapa Umoja
nakaa mbele ya vitu viwili vinavyong'aa,
mwinuko katikati,
chini yake mstari unaotetemeka,
nauliza kwa adabu: Mgeni, umetoka wapi?
Nawe unasonya.
Ah. Ni wewe.
Nairobi nzima hakuna mwingine
anayeanza msonyo kwa pembe ya kushoto ya mdomo.

Juzi stima ikapotea mtaa mzima.
Mkapapasa, mkagongana,
Kyalo akakanyaga sufuria ya maharagwe,
jirani wa juu akaitukana kampuni ya umeme
pamoja na ukoo wake.
Mimi nikanyoosha mkono hadi kwenye rafu,
nikatikisa: vijiti kumi, kumi na viwili hivi.
Shikeni.

Gizani nilikuwa nanyi nyote.
Pua ya Mwende iliyoziba.
Kyalo akijilamba supu kidoleni.
Bangili yako ikigonga meza
kila ulipovuta pumzi ya kulalamika.

Nikasema, ngojeni kidogo, msiwashe.
Mkadhani nafanya mzaha.
Njiti ikakwaruzwa,
mkaondoka mmoja mmoja,
mkaniachia
nyuso.