Jozi

Februari, Kutaisi. Chini ya chuo, chumba kisicho na dirisha.
Varlam, mtunza maiti, anafunua ndoo ya bluu.
Harufu ya formalini inatangulia, inakaa machoni.
"Shika kwa mikono miwili," anasema, "kama mkate wa kuazima."
Nikaushika. Kilo moja na robo,
kwa mizani aliyoinunua sokoni.
Nilitegemea uzito zaidi. Mtu mzima alikuwa humu,
pamoja na madeni yake.

"Kama kokwa la jozi," alinong'ona mmoja wetu.
"Kila mwaka kuna anayesema jozi," akajibu mwalimu Eteri,
akachomoa sindano ya kufumia sweta.
Kwanza gamba: kijivu, lote makunyanzi,
limesokomezwa fuvuni kama nguo za safari ya ghafla.
Ungelikunjua, ungepata foronya.
Sindano ikatembea.
Pajini: kupanga, kujizuia, kusema kesho.
Jirani na sikio: sauti, na majina ya watu.
Utosini: mkono wangu uko wapi, maji haya yana moto gani.
"Na kuona?"
Sote tukaonyesha mbele, kwenye macho.
Akaugeuza ubongo. "Kisogoni."
Nikacheka peke yangu. Kumbe ukimpa mtu kisogo
unamwelekezea pale pale panapoona.

Chini yake ubongo mdogo, mistari myembamba,
kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka.
Huu hauna maoni juu ya lolote.
Kazi yake kikombe kifike mdomoni bila kumwagika.
Kisha shina, nene kama kidole gumba:
pumzi, mapigo, kumeza. Halilali hata siku moja.
Kisha uti, unaoteremka mgongoni
na kuishia juu kidogo ya kiuno,
hapo unachanikachanika kuwa mkia wa farasi.
Varlam alikuwa na mshipa wa mguu, ameutandaza ubaoni:
mweupe, mkavu, kamba ya kiatu.
Mshipa wa fahamu, tunauita,
nao haufahamu kitu. Unapeleka tu.

"Hapa shinani nyuzi zinapishana," akasema Eteri.
"Kushoto huamuru kulia, kulia huamuru kushoto."
Akasonga mbele.
Mimi sikusonga.

Novemba mama yangu, Nazibrola,
aliweka sufuria chini asiweze kuiinua tena.
Damu iliganda upande wa kushoto, mtaa wa maneno,
na mkono wa kulia ukawa mgeni anayelala kwetu.
*Maji* lilipotea. *Kijiko* lilipotea.
Mimi nikawa naitwa jina la dada yake, marehemu.
Matusi yalibaki yote, na lafudhi yake ya Imereti.
Kuhesabu kulibaki, ukimwanzishia moja.
Hayo yanakaa kwingine, daktari alisema,
kana kwamba yamehama nyumba.

Nikapatafuta pale, kwa kidole chenye glavu,
mbele kidogo ya sikio la kushoto.
Mkunjo kama mikunjo mingine.
Hakuna aliyechonga *maji* hapo.
Mwenyewe aliliomba mara ngapi, na nani alimpa?
"Usibonyeze," akasema Varlam, taratibu.

Jioni nilimkuta mama mezani.
Mkono mgeni ameuegemeza bakuli lisiteleze,
wa kushoto unapasua, unakosa, unapasua.
Maganda hadi sakafuni.
Akatoa kokwa zima, halikuvunjika,
pande mbili na utando katikati.
Akaniangalia. Mdomo ukaanza kutafuta.
Nilitaka kumsaidia, nikang'ata ulimi.
Akatukana. Akapumzika. Akatukana tena, kwa utulivu.
"Moja," nikasema.
"Moja, mbili," akasema, akakwama kwenye mbili,
akaligawa kokwa, upande wake, upande wangu,
akaniwekea kiganjani.
"Jozi."

Nikala. Ulikuwa mchungu kidogo,
kama jozi zote zilizofika Februari.