Vidole Vinne vya Juu

Kabati hili lilikuwa la maandazi.
Somoe hajasahau, na mimi sijasahau kwamba hajasahau.
Nililiziba kwa silikoni iliyobaki kwenye friji ya mteja wa Wailes,
nikasubiri siku mbili harufu ya siki iishe,
kisha nikalijaza madumu sita ya maji ya chumvi
niliyopanda nayo Mtanda kwa baiskeli ya kuazima,
dumu moja likinivujia mgongoni hadi mlangoni.

Chuchunge mmoja.
Chande alimnunua akiwa hai, shilingi mia mbili,
kutoka kwenye ndoo ya chambo cha mtu:
mwembamba kama rula ya shule,
taya la chini refu, la juu kama limesahauliwa,
na ncha nyekundu, kijiti cha kiberiti kisichowashwa.

Nilidhani samaki hukaa majini.
Huyu hukaa pale maji yanapoishia,
mgongo umegusa dari.
Nimempa kina cha futi mbili, anatumia vidole vinne.
Huko chini nilimpangia mawe, makome,
kikombe kilichokatika sikio;
hajashuka hata kuuliza kodi.
Dagaa akizama, amezama, hamfuati.
Chakula kwake ni kinachoanguka,
tena akiwahi kabla hakijajua kwamba kimeanguka.
Anasimama. Hata mkia umenyamaza.
Halafu panzi hayupo,
na maji yametikisika mara moja tu,
kama mtu aliyeitwa akakataa kugeuka.

Wiki ya kwanza alijipiga kwenye kioo.
Kioo hakionekani, hilo ndilo kosa lake.
Taya likachubuka.
Nikabandika magazeti pande tatu, ajue ukuta ni ukuta;
sasa anapita mbele ya bei ya korosho ya msimu wa juzi
na nusu ya uso wa mgombea aliyeshindwa.
Juu nikafunga kipande cha chandarua, maana huruka.
Usiku tunamsikia: ta. Kimya. Ta.
Somoe hugeuka kitandani:
"Bahari ipo hapo chini, dakika kumi."
Simjibu.
Maji ya kifuu, husemwa, ni bahari ya chungu.
Hakuna aliyesema ni nini kwa chuchunge.

Kazi yangu ni friji.
Kutwa nafungua migongo ya vitu
nikitafuta kilichojificha ndani kabisa.
Jioni napumzisha macho kwa huyu
ambaye mambo yake yote yako juu.

Mvua ya kwanza ikaja, umeme ukakatika Mtanda nzima.
Pampu ikafa.
Nikachota maji kwa kikombe, nikayamwaga kutoka juu yapate hewa,
kikombe kwa kikombe,
Chande kashika tochi ya simu, mkono unamchoka, anahamishia wa pili.
Kumbikumbi wakaufuata mwanga.
Nje majirani walikuwa na masufuria, wanacheka gizani.
Somoe akaja na beseni lake, nusu limejaa.
Akafunua chandarua. Yeye, si mimi.
Akaangusha mmoja.
Tulisikia kabla ya kuona.
Akaangusha wa pili, chini zaidi,
kidole chake inchi moja tu kutoka kwenye ile ncha nyekundu.
"Huyu hana mkopo," akasema,
kwa sauti anayowasifia wateja wa asubuhi.

Umeme ulirudi saa nane za usiku.
Kulipokucha, mabawa yalikuwa yamefunika maji yote,
na chini ya mabawa, pale pale, yeye.
Nilimkuta Somoe na chujio la chai
akiyaopoa polepole, mabawa mawili, matatu,
asimguse.
Habari ya kabati hakuitaja.
Alisema chujio hili sasa ni la samaki,
nikanunue jingine.