Alama ya X

Chaki iliniishia kwenye duara la tatu,
nikamalizia kwa kipande cha tofali.

A: Canter ya Mugeta, mifuko sitini ya saruji,
pua imeshakata kushoto, mkia bado uko barabara kuu.
B: pikipiki ya Lushinge, imelala ubavu
kama mtu aliyegeukia ukutani asiamshwe.
X: mahali pa kugongana.
Nimepima. Hatua moja na nusu kutoka ukingo wa lami.
Hapatoshi hata kuanika kanga.

“Ilikuwa kijani,” anasema Mugeta kupitia kioo,
maana amejifungia, na madereva wa bodaboda
wameanza kuulizana nani ana petroli.
“Ilikuwa kijani,” amesema Lushinge,
kabla hawajampandisha Bugando.
Na Ng'wigulu, muuza miwa, kisu mkononi,
anaapa kwa kaburi la mamaye: kijani, afande, kijani.

Hakuna aliyedanganya.
Walipewa kijani moja, wagawane.
Taa za Nata husema nenda.
Nani atangulie, hazisemi.

Nikachuchumaa nyuma ya Canter.
Indiketa ya kushoto imekufa, tena si ya jana:
buibui amehamia, vumbi la saruji limemjengea dari.
Lakini ndani ya kabini, kwenye dashibodi,
mshale ulikuwa bado unapepesa, tik-tik-tik-tik,
mbio mbio, kama unavyofanya balbu moja ikifa,
na Mugeta mwaka mzima akiusikia
akidhani dunia yote imearifiwa.

Na wewe Lushinge,
nani alikwambia kati ya lori na mtaro ni njia?
“Kila mtu anapita,” alisema, na ni kweli,
hata mimi nimewahi kupita, nikiwa nyuma, nimebebwa,
sare imefunikwa kwa sweta.
Kofia ngumu haikuwa kichwani.
Ilining'inia kwenye usukani, imebeba kilo mbili za mabondo
yasipigwe jua kabla hayajafika kwa mnunuzi.
Paja limevunjika, mfupa unachungulia,
na yeye ananishika mkono: “Mabondo yako wapi?”
Nikamwambia, mguu kwanza.
“Mguu ni wangu, afande. Mabondo ni ya watu.”

Kwa robo saa Nata nzima ikawa mahakama.
Mwenye gari kubwa ndiye mwenye kosa, wakasema wa kwanza.
Mwenye haraka ndiye mwenye kosa, wakasema wenye magari.
Mama mmoja akalaumu mtaro.
Kijana mwenye sare ya shule akasoma sheria, vizuri,
kifungu kwa kifungu: anayepinda aangalie,
anayepita asipite kushoto penye njia panda.
Wakamwambia anyamaze, wazee wanaongea.

Jioni, kituoni. Fomu.
*Chanzo cha ajali*, kisha mstari
mrefu kama kidole changu cha kati.
Nikaandika mawili. Sajenti akasukuma karatasi ikanirudia:
“Jina moja, Koplo Nyamizi. Bima hailipi mafumbo.”
Nikaandika *Mugeta*.
Wino ulishika bila shida.
Nilitaka ukwaruze kidogo.

Mvua ya Jumatano ikafuta A, ikafuta B.
X ya tofali ilibaki, nyekundu hafifu,
na Alhamisi nikasimama pale bila sare,
nyanya kwenye mfuko, nikisubiri kuvuka.
Ikawaka kijani.
Fuso likakata kushoto. Pikipiki ikachomoka ubavuni,
mama nyuma, mtoto katikati yao,
juu ya X, juu ya X kabisa,
na kati ya goti la yule mama na tairi
pangepita kiganja, kikiwa kimelala.

Hakuna aliyepiga honi.
Hakuna jalada lililofunguliwa.
Mtoto alinyoosha kidole
akachora mstari kwenye vumbi la Fuso,
mrefu, ulionyooka,
mpaka lori likaisha.