Rangi Nyekundu, Kibirizi

Nimepewa kopo la rangi na brashi,
na karatasi ya manispaa yenye mhuri.
Kila ukuta ulio chini ya mstari, naupiga X.

"Andika polepole," Bi Nyandwi ananiambia,
"usije ukaukosea ukuta wangu herufi."
Anacheka. Maji yamefika jikoni kwake,
dagaa wachanga wanazunguka mafiga.

Tulizoea kusema ziwa limetufuata.
Mpimaji Ruhoza akakunjua ramani yenye matundu ya mende:
hapa palikuwa maji, akasema, kabla hatujazaliwa.
Sisi ndio tuliolifuata.

Basi tunahama, ila si kwa kukimbia.
Vichanja vya dagaa sasa vina miguu ya kukunja,
watu wawili wanavibeba kama machela.
Kwenye mtaro wa Mwanga tumetoa magodoro,
kandambili zisizo na wenzao, mlango mzima wa friji.
Mlimani, palipokuwa kipara,
watoto wa shule walipanda miti;
mbuzi wakala nusu.
Hiyo nusu tutaipanda tena.

Na ufukwe huu tutauacha wazi:
matete, mchanga, mpira wa jioni,
nafasi ya ziwa kuja na kurudi
bila kuingia kwa mtu pasipo hodi.

Jana nilifika namba arobaini na moja.
Mlango naujua; komeo nililipigilia mimi.
Mama alikwisha kutoa kitanda.
Hakusema neno. Akanishikia kopo.

Rangi ilichuruzika kidogo.
Tuliiacha.