Lita Mia na Thelathini

La kwanza ni la njano, jipya, bado lina nailoni shingoni.
Bei yake lita mia moja za maziwa.
La pili kahawia, mtumba, lina mkwaruzo ubavuni
kama ng'ombe aliyejikuna kwenye seng'enge:
lita mia na thelathini.
Ndivyo ninavyohesabu. Shilingi nazisahau,
lita nazikumbuka, kila moja niliikamua mwenyewe
kabla Mbokomu haijapambazuka.

"Kaa," anasema Ndekirwa. "Usichague umesimama,
gitaa si kiatu." Ananisogezea kigoda.
Nje, Moshi inanyesha manyunyu yake ya kichokozi.
Mlima umejifunika gubigubi, hauna maoni.

Nalipakata la njano.
Nyuzi ziko chini, karibu na ubao, laini,
kidole kinagusa tu, nota imetoka.
Hata ile kodi ya kulaza kidole kizima,
iliyonitoa machozi kwa gitaa la kwaya,
inakubali bila ugomvi.
Lakini sauti! Sauti ya ndoo tupu,
inafika mlangoni, inarudi kuomba radhi.

Nalichukua kahawia.
Napiga uzi wa juu, ule mnene, mara moja,
naacha.
Unavuma. Unaingia kifuani kwa mlango wa uani.
Wauza misumari wa duka la pili wananyamaza,
au labda ni mimi niliyeacha kuwasikia.
Kisha nabana kodi, na nyuzi zinaniuma:
ziko juu, juu kama kamba ya kuanikia nguo,
na mkono wangu wa kushoto una vidole vinne na nusu.
Nusu iliyobaki ilichukuliwa na mashine ya kukatia majani
mwaka ule wa ukame, tulipowalisha ng'ombe migomba mitupu.

"Nipigie wewe," namwambia, "mimi nitoke nje."
Maana mpigaji hudanganywa na goti lake.
Nasimama barazani, duka nimelipa mgongo, matone shingoni.
Anapiga moja, anapiga jingine, hasemi lipi.
Hana haja ya kusema.

Mama Aichi anapita na mwavuli wake:
"Chukua jepesi, mwanangu. Mkono kwanza, uzuri baadaye."
Kweli tupu. Gitaa gumu huishia juu ya kabati,
likala vumbi, likawa samani; nimeliona kwa shemeji.
Nikilichukua la njano nitapiga kila jioni.
Kila jioni nitapiga kitu nisichopenda kukisikia.

Nina laki moja na themanini.
Kodi ya fremu ya maziwa ni Jumatatu.
Kodi na kodi! Aliyeitunga lugha hii alikuwa na utani,
au alikuwa mpangaji.

Ndekirwa analegeza nyuzi, anachomoa kipande cheupe darajani.
Anakiita mfupa, ingawa ni plastiki.
"Nikiusugua huu kwa chini, nyuzi zitashuka.
Sauti itapungua kidogo, labda isipungue.
Ila ujue, mfupa ukishakatwa haurudi."
Anasema, ndipo anakiona kidole changu,
anatazama dari.

"Sugua," nasema. "Acha wa makosa."

Elfu kumi na tano iliyopungua tunaipatana hapohapo:
nusu lita kila asubuhi, siku ishirini,
mwanawe ameanza kutembea na anakunywa kama ndama.
Msasa unakwenda, unarudi.
Unga mweupe unatua kwenye suruali yake.
Anapima kwa jicho moja, anarudisha, anakaza nyuzi,
ananipa.

Zinauma bado. Zinauma kama kiatu cha wiki ya kwanza
(kumbe ni kiatu, Ndekirwa).
Ule uzi mnene unavuma vilevile,
au karibu na vilevile.

"Nipunguze tena?" anauliza, msasa mkononi.

Nabana. Nasikiliza. Nabana.
"Ngoja kwanza," nasema.