Eda ya Laini

Tulisaini Jumamosi, mvua ikipiga kioo cha duka,
pale Briggate, katikati ya Leeds, mimi na Mbaraka.
Kijana wa tai ya zambarau akatuvutia viti viwili
kama kadhi asiye na haraka.
Miezi ishirini na minne, simu mbili,
jina moja: langu,
kwa kuwa benki ilinijua mimi
na yeye ilikuwa ingali ikimchungulia.

Maandishi madogo sikuyasoma.
Nani husoma maandishi madogo siku ya furaha?
Hata khutba ya ndoa niliisikia nusu,
nusu nyingine nawaza kiatu kinavyobana.
Kukopa harusi, wakasema wahenga.
Nikasema, basi harusi ndiyo leo.

Mwezi wa kumi na moja Mbaraka akahamia Dundee
kwa sababu aliyoiita kazi.
Mwezi wa kumi na mbili ile kazi
nikaiona kwenye bili. Namba moja, ileile:
saa sita na dakika nane usiku, dakika arobaini na saba;
saa saba kasorobo, dakika kumi;
kisha mchana, sekunde tisa,
za mtu anayesema nimefika, fungua mlango.
Ukurasa wa tatu, wino mweusi,
na juu kabisa jina langu, anwani yangu ya Harehills,
matofali mekundu, chumba cha nyuma.

Talaka ilikuja kwa ujumbe wa sauti, sekunde ishirini.
Nilihesabu: hata huo
uliliwa na kifurushi changu.

Nikapiga kampuni. Nikangoja na kinanda chao
muda wa kuchambua mchele kilo nzima.
Akaja Callum, mpole, sauti ya maziwa ya uvuguvugu.
"Unaweza kuondoka wakati wowote, mama,
ni paundi mia tatu na kumi na mbili tu."
Hilo "tu" lilinichoma kuliko mia tatu.
Akauliza sababu ya kuvunja, fomu inataka:
Umehama? Mtandao hafifu?
Umepatikana unafuu kwingine?
Nikasema, Callum mwanangu, weka hiyo ya tatu,
ila aliyeupata si mimi.
Akanyamaza. Vidole vikagonga, taf, taf.
Nadhani aliandika "Nyinginezo."

Mume aliniacha bure,
hakudaiwa peni, hakudaiwa sababu.
Laini yake ndiyo inayodai mahari.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya maji.
Kubaki: thelathini na nne mara kumi na mbili, mia nne na nane.
Kuvunja: zamu nne za usiku kwenye nyumba ya wazee,
nikimgeuza Bi Hargreaves ubavu hadi ubavu,
naye akiniita Dorothy.
Dawa ya deni kulipa. Zamu nne
ziliingia Ijumaa, zikatoka Ijumaa hiyohiyo,
hata viatu hazikuvua.

Tena kulikuwa na notisi, siku thelathini.
Nikaikaa kama eda,
simu ingali hai mezani, ikilia mara mojamoja,
rafiki zake wakimuulizia.

Sasa nina laini ya Bwana Gurdeep wa dukani,
ilikuwa ikining'inia baina ya betri na pipi za kikohozi.
Peni tisini na tisa. Haikuuliza jina,
haikuuliza nimeolewa na nani.
Naweka vocha ya paundi tano,
tarakimu kumi na sita kwenye risiti
nyepesi kama ganda la kitunguu.
Salio likiisha limeisha;
hakuna barua inayonifuata mlangoni.

Jana liliisha nikiongea na dada yangu Mwanaidi,
katikati ya "mimi sasa hivi ni—"
Nikabaki jikoni, simu sikioni, sufuria ikifurika.
Mshahara ni Alhamisi.
Nina siku tatu za kulitafuta neno.